Maswali Yenu: Ukisema "Sawa", Mgeni Anasikia Nini?

Barua za mwezi huu zimetoka Kiwengwa, Wete, Chake Chake, Paje na Mji Mkongwe. Zote zinahusu wafanyakazi wanaoshughulika na watu wa nchi nyengine, ana kwa ana, kwa simu au kwa barua pepe. Tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

SWALI: Assalaam alaykum. Nasimamia mapokezi katika hoteli ya vyumba 32, Kiwengwa. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, na Wajerumani kiasi. Lalamiko linalojirudia ni moja: "Aliniambia sawa, halafu hakikufanyika kitu." Vijana wangu si wavivu, na Kiingereza wanakijua. Tunafunga Aprili na Mei kwa ajili ya masika, kwa hiyo nina wiki sita za kuwafundisha watu 14. Nianzie wapi?

JIBU: Waalaykum salaam. Anzia kwenye hilo hilo neno "sawa". Tabia za Waitaliano ziache kwanza.

"Sawa" ya kwetu inafanya kazi tatu: nimekusikia, nimekubali, nitafanya. Sisi kwa sisi hatupotei, maana tunasikiliza sauti, tunatazama uso, na tunajua nani anasema na nani. Mgeni hana habari na hayo. Yeye anaisikia ile ya tatu tu. "Haina neno" na "inshallah" zina mambo hayo hayo.

Tuchukue kiyoyozi. Saa tisa alasiri mgeni anashuka kusema kwamba maji yanadondoka juu ya kitanda chake. Kijana wa mapokezi anajua fundi yuko mjini kununua vifaa na hatorudi kabla ya magharibi. Kumwambia mtu mzima, aliyelipa pesa zake, kwamba haiwezekani mpaka jioni, anaona ni kumkosea adabu. Basi anatabasamu na kusema "no problem". Kwa nia yake, amemtuliza mgeni. Kwa masikio ya mgeni, ameahidi. Saa kumi mgeni anapanda chumbani, anakuta godoro limeroa, na sasa ana malalamiko mawili: kiyoyozi kibovu na kudanganywa. La kwanza angelisahau. La pili ndilo analokwenda kuliandika mtandaoni.

Dawa yake ni jibu linalotaja nini kitafanyika, nani atafanya, saa ngapi, na ikishindikana itakuwaje. Kwa kiyoyozi kile: "Fundi yuko mjini, atafika saa 18:30. Sasa hivi naleta ndoo na mashuka makavu. Saa 18:45 nitakupigia simu chumbani. Kama hakijatengenezwa, nakuhamishia chumba kingine." Kuna "haiwezekani" ndani ya jibu hilo, lakini mgeni hatoki mikono mitupu. Waeleze vijana wako kwamba hii nayo ni heshima. Wasiposhawishika na hilo, watalikariri jibu darasani na kuliacha mara tu wanaporudi mezani.

Namna ya kufundisha: dakika 45, mara mbili kwa wiki, watu watatu watatu. Watu 14 watakupa makundi matatu ya watatu na moja la watano. Hilo la watano liwe na watazamaji watatu. Toa malalamiko 20 kutoka kwenye daftari lako la msimu uliopita na uandike kila moja kwenye kadi. Mmoja anakuwa mgeni, mmoja anakaa mapokezi, na wa tatu ana karatasi yenye vipande vile vinne na anatia alama kila kipande anachokisikia. Dakika nne za mazungumzo, dakika tatu za kuambizana, kisha wanabadilishana. Kadi moja ikizungushwa kwa wote watatu inakula dakika 21, kwa hiyo kikao kimoja kinatosha kadi mbili. Usipakie zaidi.

Mazoezi haya huharibika kwa njia tatu. Ya kwanza, anayecheza mgeni hupenda kuigiza mzungu mkali anayepiga meza, watu wakacheka na zoezi likawa mchezo. Mwambie azungumze kwa sauti ya kawaida, kama malalamiko mengi yanavyokuja. Ya pili, baada ya kikao cha tatu wanakuwa wamehifadhi majibu. Hapo ubadilishe jambo katikati, mpe mgeni kikaratasi kinachosema "fundi hapokei simu". Ya tatu ni wewe mwenyewe. Msimamizi asicheze mgeni katika wiki mbili za mwanzo. Hakuna kijana atakayemwambia mkubwa wake "haiwezekani" siku ya kwanza, hata kwa mchezo, na zoezi zima linahusu kuweza kulisema neno hilo.

Wiki ya tatu ingia kwenye saa. Kosa la saa zetu lina ukubwa ule ule siku zote, saa sita kamili, na ndiyo maana linagharimu. Dereva akiambiwa kwa Kiswahili "saa moja asubuhi", anakwenda kumwambia mgeni kwa Kiingereza "one o'clock", na mgeni anayetakiwa uwanja wa ndege saa 07:00 anaendelea kulala. Kanuni iwe hii: saa yoyote inayomhusu mgeni huandikwa kwa tarakimu za saa 24 kwenye karatasi au simu, na mgeni huoneshwa, haambiwi tu kwa mdomo. Katika ubao wa zamu andikeni zote mbili, "saa 1 asubuhi / 07:00". Fanyeni zoezi la kugeuza mpaka mtu ajibu bila kuhesabu vidole.

Wiki ya nne na ya tano ni za adabu inayopotea njiani. Maneno mazuri ya Kiswahili yakivishwa Kiingereza huwa yanageuka:

"Pole" ikigeuzwa "sori" inasikika kama kukiri kosa. Mgeni amejikwaa kwenye ngazi, kijana anasema "sori", na mgeni anaanza kuuliza nani alimwaga maji hapo. Bora aulize kwanza kama ameumia, kisha aseme anavyoweza kumsaidia.

"Unakwenda wapi?" kwetu ni salamu, na kwao ni kuchunguzwa. Kumtakia matembezi mema kunatosha.

"Nipe pasi yako" Kiswahili hulainishwa kwa sauti na kwa "naomba". Kiingereza hulainishwa kwa kuuliza: je, naweza kuiona pasi yako? Kijana akitafsiri neno kwa neno anatoa amri bila kujua.

"Mama" na "mzee" ni heshima yetu kubwa, lakini bibi wa miaka 45 kutoka Milano anasikia umri wake umetajwa mbele ya watu. Jina la ukoo ni salama zaidi. Na "umenenepa!" kwa mgeni aliyerudi mwaka wa pili isisemwe kabisa.

Wiki ya sita, na hapo tu, ndipo zungumzeni kuhusu mataifa, na kwa tahadhari. Wajerumani wengi huuliza "kwa nini hii haifanyi kazi?" bila salamu, na hawana hasira, wanataka sababu. Waitaliano wengi huingiliana wakizungumza na hawagombani. Mwingereza akisema "nimesikitika kidogo", lile "kidogo" lisimdanganye mtu. Mfanyakazi ajue pia kwamba mgeni aliye mbele yake anaweza kuwa kinyume cha yote hayo.

SWALI: Ndugu wahariri, kampuni yetu ndogo iko Wete. Tunakusanya pilipili manga, mdalasini na manjano na tunatafuta wanunuzi Ujerumani na Japani. Vikao vya video vinatuchanganya. Mjapani akinyamaza, mtu wetu wa mauzo anashusha bei mwenyewe. Na Mjerumani alituletea barua akidai tumekubaliana bei ambayo sisi hatuikumbuki. Tufanyeje?

JIBU: Tuanze na kimya, maana kinakuleteeni hasara papo kwa papo. Katika mazungumzo ya biashara na Wajapani, kimya mara nyingi ni mtu anafikiri, au anatafsiri kichwani, au anampa mkubwa wake nafasi ya kusema kwanza. Mtu wenu anakisikia kama kukataliwa, na anakijaza kwa punguzo ambalo hakuna aliyeliomba. Mpeni kanuni ya kimwili: akishataja bei, aweke kalamu mezani na ahesabu kimoyomoyo mpaka 10. Akifika 10 na bado kimya, aulize "Kuna jambo mngependa tulieleze zaidi?" Asitaje nambari nyengine. Punguzo litolewe na mtu wa pili tu, ambaye hayumo katika kikao. Hivyo hata akitaka kulitoa kwa wasiwasi hana uwezo.

Kisha kuna neno la Kijapani "hai", ambalo kamusi itasema ni "ndiyo". Kikaoni mara nyingi maana yake ni "nakufuatilia". Mzanzibari anapaswa kulielewa hili upesi kuliko Mjerumani, maana ni ile ile "sawa" yetu ya kwanza. Tunalisema hili kwa sababu semina nyingi humfanya mfanyakazi wetu aone adabu yake ni kasoro ya kurekebishwa. Kusoma yasiyosemwa ni ujuzi, na kijana aliyelelewa Pemba anao kabla hajaajiriwa. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall aliandika katika miaka ya 1970 kuhusu tofauti hii: kuna jamii zinazoacha mengi yabebwe na mazingira ya mazungumzo, na kuna zinazotaka yote yawe ndani ya maneno. Japani aliiweka upande wa kwanza, Wajerumani upande wa pili. Mtu wenu wa mauzo anahitaji kujua yuko upande upi kila anapowasha kamera.

Sasa bei ya Mjerumani. Kabla hamjamtuhumu, tazameni alama. Sisi tunaandika 1,500 kwa elfu moja na mia tano. Ujerumani na Italia huandika 1.500 kwa kiasi hicho, na 1,500 kwao ni moja na nusu. Bei ya "4,250" kwa kilo kwenye karatasi moja inasomeka elfu nne na zaidi upande mmoja, na nne na robo upande mwengine. Andikeni 1500 bila alama yoyote katikati, tajeni sarafu na kipimo kila mara, na bei ya mwisho muiandike pia kwa maneno. Tani nayo iandikwe "kilo 1000", kwa sababu Mmarekani anaweza kufikiria tani yake ya ratili 2000, ambayo ni takriban kilo 907. Tarehe zisiandikwe 05/07. Kwa Mmarekani hiyo ni tarehe 7 Mei. Andikeni jina la mwezi.

Baada ya kila kikao, ndani ya saa 24, tumeni barua fupi: bidhaa na daraja lake, uzito, bei na sarafu, bandari na masharti ya kusafirisha, tarehe ya sampuli, na mambo ambayo bado hayajakubaliwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo lingelikuokoeni na barua ile. Likikaa kwa maandishi kwamba "bei ya manjano bado", hakuna atakayeweza kusema mlikubaliana. Malizieni kwa kumuomba ajibu kabla ya siku fulani kama kuna lisilo sawa.

Kwa Mjerumani, barua ianze na jambo lenyewe baada ya salamu ya mstari mmoja. Kama shehena imechelewa, sentensi ya kwanza iseme imechelewa na itafika lini, sababu zifuate. Sisi hupenda kuanza na sababu ili kumuandaa mtu, naye anasoma aya nzima akitafuta habari iko wapi, na akiipata mwisho anahisi alifichwa.

Na saa za vikao: Zanzibar hatubadilishi saa, Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Berlin iko nyuma yetu saa 2 wakati wa baridi na saa 1 wakati wa joto. Wiki zinazofuata mabadiliko hayo ndizo ambazo mtu huingia kikaoni akakuta kimekwisha. Tokyo iko mbele yetu saa 6 mwaka mzima, na hapo kuna urahisi wa aina yake: saa tatu asubuhi ya Wete, yaani 09:00, kule ni 15:00, ambayo nao wanaiita tatu ya mchana. Kwa wateja wa Tokyo peke yao, saa ya Kiswahili inafuatana na yao.

SWALI: Kampuni yetu iko Mji Mkongwe na tunampeleka mwenzetu Muscat kuzungumza na mshirika. Mkurugenzi anasema huyu hahitaji maandalizi yoyote kwa kuwa dini moja, na wenyeji wake wanazungumza Kiswahili. Mnasemaje?

JIBU: Tunasema aandaliwe zaidi. Mtu anayekwenda Tokyo anajua hajui, kwa hiyo anauliza. Anayekwenda Muscat anajiona yuko kwao.

Ni kweli kuna familia nyingi Oman zinazozungumza Kiswahili, na mazungumzo yataanza na "kwenu wapi, mtaa gani, wa nani". Asiyakatishe. Nusu saa hiyo ni sehemu ya kazi, na ajiandae kwa kujua habari za kwao vizuri. Lakini ajue pia kwamba baadhi ya familia hizo ziliondoka Zanzibar baada ya 1964, na kumbukumbu zao ni za maumivu. Mada hiyo asiifungue. Ikifunguliwa na mwenyeji, asikilize kwa utulivu, asitetee wala asihukumu.

Kahawa itakuja katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Apokee kwa mkono wa kulia. Kikombe kitajazwa tena na tena mpaka akitikise kidogo upande kwa upande, ndiyo ishara ya kutosheka. Akikiweka tu chini au akisema "basi" kwa haya, ataendelea kumiminiwa.

Kalenda huwashinda wengi. Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, na yetu ni Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo ofisi zote mbili ziko wazi ni nne tu, Jumatatu mpaka Alkhamisi, na Muscat iko mbele yetu saa 1. Hati iliyotumwa kutoka hapa Alkhamisi alasiri itasomwa Jumapili, wakati ofisi yetu imefungwa, na jibu tutaliona Jumatatu. Akipitia Dubai asichanganye: tangu Januari 2022 serikali ya Falme za Kiarabu inapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa inafanya kazi nusu siku.

Mtego mkubwa uko mwishoni. Baada ya siku tatu za undugu, mtu wenu ataona haya kuomba masharti ya malipo kwa maandishi. Kwa hiyo mgawane kazi kabla hajapanda ndege: yeye ajenge maelewano, na mhasibu aliyebaki Zanzibar ndiye atume rasimu ya mkataba. Akiulizwa, aseme ofisi ndiyo inayotaka. Na kama mkataba utakuwa kwa Kiarabu, usitiwe saini mpaka asomewe na mtarjumani ambaye hakuchaguliwa na mshirika.

SWALI: Mimi ni msichana, nafanya kazi ofisi ya kutembeza wageni Chake Chake. Siwapi mkono wanaume. Mgeni akishanyoosha wake, wote wawili tunafedheheka. Nifanye nini?

JIBU: Mtangulie. Akiwa bado hatua tatu mbali, weka mkono wa kulia kifuani, inamisha kichwa kidogo, mtazame, tabasamu, na umkaribishe kwa jina lake. Mtu akiona salamu imeshakamilika, wa kwake hubaki chini. Kama ameshaunyoosha, fanya vivyo hivyo na uongeze sentensi moja: "Kwetu wanawake tunawasalimu wanaume hivi, karibu sana Pemba." Usirudi nyuma na usifiche mikono mgongoni, hapo ndipo mgeni anapohisi amekataliwa. Usiombe radhi mara tatu. Maelezo marefu ndiyo yanayomfedhehesha. Muombe pia mwenye ofisi aliweke jambo hili katika ujumbe wanaotumiwa wageni kabla ya safari, pamoja na habari za mavazi vijijini na kula mchana wa Ramadhani.

SWALI: Ni ofisa utumishi wa hoteli ya Paje. Meneja mpya kutoka Ulaya ni hodari wa kazi, lakini anaingia asubuhi bila salamu na kuuliza ripoti. Wiki iliyopita alimkaripia mpishi mbele ya wenzake. Na anasema Wazanzibari hutoroka kazini kwa "mazishi ya jirani". Wafanyakazi wamenyamaza, hawamuambii tena kitu. Sisi ndio tunaoambiwa tujifunze mawasiliano, yeye je?

JIBU: Yeye pia, na kwa haraka. Mafunzo yakiwa ya upande mmoja huwafundisha wafanyakazi kwamba wao ndio tatizo.

Kimya hicho ulichokitaja kina gharama ambayo meneja ataielewa ukimuonesha. Mpishi aliyefedheheshwa mbele ya watu hatosema tena kwamba friji la samaki halipoi vizuri, atangoja ligunduliwe. Mwambie hivyo hivyo, kwa mfano wa friji. Usimwambie "hapa watu wana hisia", kwa sababu hatopata la kufanya nalo.

Salamu: mpe maneno machache na siku mbili za kuyazoea. Hujambo, sijambo. Habari za asubuhi, nzuri. Assalaam alaykum atajibu waalaykum salaam. Kijana akimwambia shikamoo ajibu marahaba. Azunguke jikoni, mapokezi na bustanini kabla ya kufungua kompyuta. Kwa hoteli ya kawaida haitozidi dakika 10. Ripoti atazipata katika mzunguko huo huo, na za kweli zaidi.

Karipio: siku ile ile, faragha, na kwa kutaja jambo. "Sahani nne zilirudi zikiwa baridi, tatizo lilikuwa wapi?" Upande wa pili, wafanyakazi nao waambiwe kwamba kwao swali la moja kwa moja halina chuki ndani yake, na kwamba akiuliza ripoti anataka nambari.

Maziko ndiyo yanayohitaji utaratibu ulioandikwa. Meneja huenda anafikiria mazishi ya kwao, yanayotangazwa siku kadhaa kabla. Muislamu huzikwa mapema, mara nyingi siku ile ile. Habari inafika saa mbili asubuhi, maziko baada ya adhuhuri. Hakuna namna ya kuomba ruhusa wiki moja kabla. Na jirani kwetu si mtu wa mbali: asiyekwenda kumzika jirani, naye kwake hawatokwenda. Akilielewa hilo, hatoliita tena kutoroka.

Kwa hiyo kila zamu iwe na mtu mmoja au wawili wa akiba, majina yao yakiwa ubaoni. Mfanyakazi atume ujumbe kwa msimamizi, si kwa mwenzake, ukisema nani amefariki, maziko wapi na saa ngapi, na yeye atarudi saa ngapi. Kwa jirani au jamaa wa mbali wekeni saa zinazolingana na masafa. Kutoka Paje, maziko ya Makunduchi si sawa na ya Nungwi. Kwa mzazi, mtoto, mke au mume ni siku, kwa mujibu wa sheria ya kazi na mkataba wenu. Saa zilizotumika zifidiwe katika zamu nyengine mwezi huo huo. Meneja anapata ratiba isiyovunjika, na mfanyakazi haondoki kwa kujificha. Siku ambayo meneja mwenyewe atafika msibani, hata kwa robo saa, mtaona mengine yanavyolainika.

SWALI: Nina kampuni ya watu tisa, Mji Mkongwe. Nimeletewa ofa ya semina ya siku tatu, pamoja na chati inayotoa alama kwa kila taifa: nani anaheshimu vyeo, nani anapenda ubinafsi. Inafaa kulipia?

JIBU: Chati za namna hiyo nyingi zina asili katika kazi ya mtafiti Mholanzi Geert Hofstede, iliyotokana na majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Ni kazi kubwa na inastahili kusomwa. Lakini tazama ulivyowekwa wewe ndani yake: Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilitiwa kapu moja na kupewa alama moja, "Afrika Mashariki". Mtu wa Addis Ababa, wa Lusaka na wa Michenzani wamekuwa mtu mmoja. Alama hizo zinalinganisha wastani wa mataifa. Hazikuambii mteja aliyekupigia simu leo atajibu nini.

Siku tatu mfululizo pia hazikai. Fedha hizo zigawe. Muombe mkufunzi saa tatu za mwanzo, halafu dakika 45 kila wiki kwa wiki sita, akitumia barua pepe na malalamiko ya kampuni yako. Muulize kabla hujalipa: mafunzo yako yatatumia mifano ya nani, na wafanyakazi wangu watazungumza kwa dakika ngapi katika kila saa? Akisema chini ya dakika 30, tafuta mwengine.

Na kuanzia kesho nunua daftari moja la mistari. Kila kutoelewana na mtu wa nje kuandikwe humo siku ile ile, bila jina la mfanyakazi: mteja alisema nini, sisi tulielewa nini, kumbe alikusudia nini, na imegharimu nini, saa au fedha. Lisitumike kumuadhibu mtu hata mara moja, ama sivyo litabaki tupu. Baada ya miezi mitatu lisome lote kwa mkupuo mmoja na uhesabu yanayojirudia. Ukikuta saa zimetajwa mara saba na bei mara mbili, hiyo ndiyo ratiba ya mafunzo yako, na unaweza kumkabidhi mkufunzi yeyote.